Ukienda Kuchokoa Kombe, Sikiliza Maji

Maji yakipwa wakati wa bamvua, upande wa Fumba katika Ghuba ya Menai, kusini-magharibi mwa Unguja, bahari hurudi nyuma na kuacha uwanja mpana wa mchanga, tope na majani ya bahari. Ndipo utakapowaona kina mama wameinama, ndoo kando, kanga zimefungwa kiunoni. Siku hizi wapo pia watu wa mjini wanaokuja Jumamosi na watoto wao kuchokoa kombe kwa kujifurahisha. Ni jambo jema, na mtoto aliyewahi kuichomoa kombe mchangani kwa mkono wake hasahau. Lakini pwani ina taratibu zake, na wengi huja bila kuzijua.

La kwanza ni mwezi. Bamvua kubwa huja siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo anayefuata kalenda ya Kiislamu tayari ana ratiba mkononi: tarehe moja hadi tatu hivi, kisha kumi na tano hadi kumi na saba. Siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hukaribia mita 4, na maji hufika chini kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa maji mafu usijisumbue, kwa sababu sehemu zenye kombe nyingi hazitoki majini.

Ingia pwani maji yakiwa bado yanatoka, kama saa mbili kabla ya kupwa kabisa, uyafuate yanavyorudi. Yakigeuka, geuka nawe. Hapa naomba unisikilize vizuri. Maji hayaji kama ukuta kutoka baharini, huanza kwa kujaza mikondo, na mara nyingi mkondo uko nyuma yako, kati yako na nchi kavu. Unaendelea kuchimba ukidhani uko salama kwa kuwa mchanga uliosimamia bado ni mkavu, kumbe ulipovuka kwa maji ya kifundo cha mguu sasa ni maji ya kiuno. Mtoto mdogo hawezi kuvuka hapo. Kabla ya kuanza, chagua alama nchi kavu, mnazi au nyumba, na uangalie saa.

Kombe ninazozisema ni zile zenye ganda nene, mistari imeinuka juu yake kama bati la paa, na ukingoni kuna manyoya ya kahawia. Ukiipasua hutoka maji mekundu, na wageni hushtuka wakidhani imeoza. Haijaoza. Ile ni damu yake, ina himoglobini kama yetu, jambo ambalo ni nadra kwa viumbe wa namna yake. Haizami chini sana. Itafute kati ya majani ya bahari, mchanga unapochanganyika na tope, na utazame ncha ya ganda iliyochomoza kiasi cha ukucha, au ufa mwembamba kama mdomo uliofumbwa nusu. Mara yangu ya kwanza nilizunguka nusu saa nikatoka na mbili tu. Bibi mmoja aliyekuwa jirani yangu akaniita: "Mwanangu, unatembea mno. Simama, chutama, macho yazoee." Nikachutama. Mahali palepale nilipokuwa nimesimama nikatoa tano.

Chombo ni kijiti kigumu, kisu butu au kijembe kidogo. Sururu na koleo waachie wajenzi. Ukikata mizizi ya majani ya bahari umevunja nyumba ya kombe wachanga, na shimo ukiliacha wazi unawaacha juani wengine waliokuwa chini. Fukia kila shimo. Ukigeuza jiwe, lirudishe kama lilivyokuwa. Ndogo irudishe mchangani. Kipimo changu mwenyewe ni urefu wa kidole gumba, chini ya hapo siichukui.

Na chukua kidogo. Wewe umekuja kwa matembezi, lakini yule mama wa kando yako anatafuta kitoweo cha jioni na ada ya shule. Kombe haikimbii, na kwa hiyo huisha upesi pakivunwa na wengi. Katika miaka ya 2000, wanawake wa Fumba walishirikiana na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, akiwemo Dk. Narriman Jiddawi, wakatenga sehemu za kupumzishwa ili kombe zikue na kuzaana. Ghuba ya Menai yenyewe ni eneo la hifadhi tangu 1997. Basi kabla hujakanyaga mchanga wa kijiji chochote, pita kwa sheha au kamati ya wavuvi ya shehia, uulize wapi pamefungwa. Kumwamkia mwenyeji ni adabu, na mara nyingi atakuonyesha mahali pazuri kuliko ambapo ungepapata peke yako.

Vaa viatu vya mpira vilivyofunga mguu. Panga, yule chaza mrefu anayesimama wima mchangani, ana ukingo unaokata kama jina lake. Buruta miguu kwenye maji ili taa aliyelala akimbie kabla hujamkanyaga. Akikuchoma, tumbukiza mguu katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kisha nenda hospitali. Konokono mzuri mwenye umbo la pia usimwokote kabisa, maana wako wenye sumu inayoua.

Kombe hula kwa kuchuja maji, na uchafu wa maji hubaki ndani yake. Usichokoe karibu na mtaro wa mji, wala siku za baada ya mvua kubwa ya masika. Maji yakibadilika rangi, acha, kwa sababu baadhi ya viumbe wadogo mno wa baharini hutoa sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Aliyekula kisha midomo ikafa ganzi apelekwe hospitali mara moja.

Zibebe kwenye gunia bichi kivulini. Nyumbani ziloweke saa tatu au nne katika maji safi ya bahari, ukiyabadilisha, ziteme mchanga. Iliyo wazi igonge, na isipojifunga itupe. Chemsha mpaka zifunguke, toa nyama, ioshe, kisha pika kwa tui la nazi, nyanya, pilipili na ndimu. Zitakazobaki zimefumba chunguni usizilazimishe kwa kisu. Zitupe, hata zikiwa nusu ya ulizochokoa.