Chakula Kinaingia, Mtoto Haongezeki: Somo Kuhusu Utumbo wa Mtoto Mwenye Utapiamlo



Wapendwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili wetu, somo la robo hii limetokana na barua mbili na mtoto mmoja. Barua ya kwanza ilitoka kwa kamati ya usharika mmoja, ikiomba tuingize katika bajeti ya mradi dawa za kuongeza hamu ya kula na ule unga wa "bakteria wazuri" unaouzwa katika maduka ya dawa mjini. Barua ya pili ilitoka kwa rafiki zetu wa ng'ambo. Waliuliza kwa upole kwa nini watoto wengine wanaonekana mara mbili katika orodha ya waliopona. Swali hilo lilituuma, maana ni la haki.

Mtoto tunayemsema ni wa kike, na wakati huo alikuwa na miezi 14. Utepe wa kupimia mkono ulisoma nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5. Alipewa chakula dawa, ile siagi ya karanga ya pakiti yenye maziwa na virutubishi, uzito ukapanda, tukamwandika kuwa amepona. Baada ya muda mfupi aliharisha, akarudi alikotoka. Bibi anayemlea alimwambia mhudumu wetu wa afya ya jamii, "Mwanangu, huyu anakula kuliko kaka yake, lakini chakula kinapita tu." Sisi tuliandika katika taarifa: "Mlezi ahimizwe kufuata masharti." Tulikosea. Bibi alikuwa anatueleza ugonjwa, nasi tukasikia uzembe.

Tuanze na utumbo wenyewe. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba una vijinyuzi vidogo sana, kama taulo jipya lilivyo na nyuzi zilizosimama. Nyuzi hizo ndizo zinazonyonya chakula kilichosagwa na kukipitisha kwenye damu. Mtoto anayemeza uchafu kila siku, kwa maji, kwa mikono, kwa udongo anaochezea, hujeruhiwa ukuta huo polepole. Nyuzi hulala na kufupika, kama taulo lililochakaa. Hapo chakula hakinyonywi vizuri, na ukuta unaanza kuvuja, vijidudu vinapenya, na mwili unatumia nguvu zake kupigana badala ya kukua. Jambo la kutisha ni kwamba mtoto huyo anaweza asiharishe kabisa. Kwa macho ni mzima, ila kadi ya kliniki inaonyesha mstari uliolala.

Haya hayakugunduliwa mbali tu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ilikuwa moja ya vituo vinane vya utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2009, katika nchi za Asia, Afrika na Amerika Kusini, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa. Vijidudu vya kuharisha vilipatikana hata kwenye kinyesi cha watoto wasioharisha, na waliokuwa na baadhi ya vijidudu hivyo walikua kwa urefu mdogo zaidi. Ndipo watu wakasema, basi tuwape dawa tuviue. Kati ya mwaka 2017 na 2020, Haydom hiyo hiyo ilifuatilia watoto 1,188. Baadhi walipewa antibiotiki na dawa ya vimelea kwa vipindi, na baadhi vitamini ya aina moja kila siku. Walipofika miezi 18, waliopewa na wasiopewa walikuwa na urefu ule ule. Tunaomba kamati zinazotaka dawa za minyoo kila mwezi zisome sentensi hiyo mara mbili. Dawa ya minyoo inayotolewa katika kampeni za serikali inatosha. Kuongeza juu yake hakuponyi ukuta uliojeruhiwa.

Na bakteria wa pakiti je? Hapa tuwe wakweli, kwa sababu wazo lenyewe si la kijinga. Ndani ya utumbo wa kila mtu wanaishi bakteria wengi mno, na wengi wao ni wapangaji wema: wanasaidia kusaga chakula na kuwazuia wabaya wasipate nafasi. Mwaka 2013 watafiti walichapisha habari za mapacha wa Malawi, jozi 317. Katika baadhi ya jozi pacha mmoja alipata kwashakoo na mwenzake hakupata, ingawa walikuwa nyumba moja. Bakteria wa yule mgonjwa walipohamishiwa kwenye panya waliolishwa chakula cha Kimalawi, panya wale walikonda kuliko waliopewa bakteria wa pacha mzima. Chakula dawa kilipotolewa, bakteria wa watoto wagonjwa walibadilika wakawa bora, lakini kilipokoma walirudi nyuma. Waliosoma hayo watamkumbuka mtoto wetu.

Lakini kujua kwamba bakteria wana kazi si sawa na kuwa na pakiti inayotibu. Huko huko Malawi, katika jiji la Blantyre, watoto 795 wenye utapiamlo mkali walifanyiwa jaribio lililochapishwa mwaka 2009. Nusu walipewa chakula dawa kilichochanganywa na bakteria wazuri pamoja na chakula cha bakteria hao, na nusu walipewa chakula dawa kitupu. Idadi ya waliopona haikutofautiana. Kwa hiyo tumewajibu wenzetu wa usharika ule: hapana, hatutanunua. Wakati mtoto hana maziwa nyumbani, kununua unga wa bei ile ni kumwagilia paa wakati mizizi imekauka.

Habari njema kiasi imetoka Bangladesh. Katika mtaa wa Mirpur, jijini Dhaka, watafiti walitengeneza chakula cha dengu, soya, karanga na ndizi mbichi, wakikusudia kuwalisha bakteria waliopungua. Watoto wa miezi 12 hadi 18 waliokula kwa miezi mitatu waliongezeka uzito vizuri kuliko waliopewa chakula cha nyongeza cha kawaida, ingawa chakula kile kipya kilikuwa na nguvu kidogo zaidi. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Wasomaji wetu wa Kilimanjaro na Kagera watacheka kusikia kwamba ndizi mbichi ni ugunduzi. Wacheke, lakini wasiende kumpa mtoto mwenye utapiamlo mkali mtori badala ya chakula dawa. Jaribio lile lilikuwa dogo, na watoto wake walikuwa na utapiamlo wa kadiri tu.

Hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu ndipo watoto wanapofia mikononi mwa watu wenye upendo. Mtoto aliyevimba miguu, au asiyetaka kula kabisa, au mwenye homa na usingizi mzito, hapewi chakula kingi. Mwili wake umezima taa nyingi ili uendelee kuishi. Moyo, ini na utumbo vinafanya kazi kwa shida. Ukimjaza nyama, mayai na uji mzito siku ya kwanza, unaweza kumuua. Hospitali huanza na maziwa maalumu ya F-75, yenye protini kidogo, kwa kiasi kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Anaporudisha hamu na uvimbe kupungua ndipo anahamishiwa F-100 au chakula dawa. Pakiti moja ya chakula dawa ina gramu 92 na kalori karibu 500, na virutubishi vimo tayari, kwa hiyo hakuna haja ya kuongeza sirapu ya vitamini juu yake. Antibiotiki pia huamuliwa na mtoa huduma, si kamati.

Nyumbani je, kuna nini cha kusaidia utumbo? Cha kwanza ni maziwa ya mama. Ndani yake kuna sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Zimewekwa kwa ajili ya bakteria wema wa utumbo wake. Mama asimwachishe kwa sababu ameharisha. Cha pili ni zinki. Kila anapoharisha apewe maji ya ORS pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na kidonge kisikatishwe kinyesi kinapokauka, maana kazi ya kukarabati ukuta haijaisha.

Cha tatu ni cha kwetu kabisa: togwa na kimea. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Kitanzania walionyesha kwamba watoto waliolishwa uji uliochachushwa walikuwa na vijidudu vichache vya kuharisha kwenye kinyesi. Uchachu unavizuia kukua. Kimea cha ulezi nacho, kijiko kimoja tu katika uji mzito, huulainisha ukanyweka bila kuongezwa maji, hivyo tumbo dogo hupata nguvu nyingi kwa kikombe kile kile. Bibi zetu walijua hivi. Sisi wenye semina ndio tuliokuja na unga wa lishe wenye nafaka saba, soya isiyokaangwa na karanga zilizobaki ghalani. Soya mbichi huzuia protini isisagwe, na karanga au mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Yeyote anayesaga unga kwa jina la mradi wetu achambue karanga moja moja.

Kuhusu vyoo, tutasema jambo ambalo huenda halitawafurahisha baadhi ya wafadhili. Majaribio makubwa ya Kenya na Bangladesh yaliyotolewa mwaka 2018, na la Zimbabwe mwaka 2019, yalionyesha kwamba vyoo rahisi na vibuyu chirizi havikuwafanya watoto warefuke. Elimu ya ulishaji pamoja na chakula cha nyongeza ndivyo vilivyosaidia, na kwa kiasi kidogo. Uchafu ulibaki mwingi kuliko dawa yake. Mtoto anayetambaa uani penye kuku anakula kinyesi cha kuku. Watafiti waliokaa kwenye kaya za Zimbabwe waliliona kwa macho yao. Tunaendelea kujenga vyoo kwa sababu binadamu anastahili choo, lakini hatutaandika tena katika maombi ya fedha kwamba choo kitaondoa udumavu. Banda la kuku na mkeka safi wa mtoto viingie kwenye mpango.

Fedha ambazo zingenunua unga wa bakteria tumezipeleka kwenye nauli na chakula cha mlezi anayelala wodini na mtoto. Wengi hutoroka kabla ya siku zao si kwa ukaidi, bali shamba linangoja na wadogo wamebaki na jirani. Nyingine ni za mhudumu kumfuata kila mtoto aliyetoka, kumpima mkono na kuuliza habari za kuharisha, kwa miezi sita. Mtoto aliyerudi tena atahesabiwa kuwa amerudi, katika safu yake mwenyewe ya taarifa, hata kama idadi ya waliopona itapungua.

Kamati zilete kwenye kikao kijacho daftari la watoto walioharisha zaidi ya mara moja tangu watoke matibabuni. Tunaomba pia mwanakamati mmoja aende kwa kila mlezi wao, amsikilize bila kumfundisha, na aandike maneno yake kama alivyoyasema. Mtoto wa bibi yule bado yumo katika ufuatiliaji. Alipopimwa mara ya mwisho utepe ulisoma njano.