Ukivuka Namanga, pesa ya simu inabaki wapi?

Ushawahi kufika mpakani ukiwa na pesa kwenye simu, ukavuka, halafu ukagundua umevuka peke yako na pesa zimebaki nyuma? Wiki hii tunakuletea kisa cha mwenzetu wa huduma kwa wateja, mkaazi wa Umoja, aliyesafiri na mume wake hadi Arusha Jumamosi moja. Ndiyo, hata sisi wa kazi hii tunanaswa, na amekubali tuisimulie.

Hawakuwa wanaenda kutalii. Wifi yake (dada ya mume, si ile ya intaneti) ameolewa Arusha na alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Mama na mtoto walikuwa salama, lakini deni la hospitali lilikuwa limebaki Tsh 480,000, na asingeruhusiwa kutoka kabla ya kulimaliza. Kila usiku ukiongezeka, na kitanda kinahesabiwa. Familia hapa Eastlands ikachanga, Buruburu kidogo, Kayole kidogo, Donholm kidogo, hadi zikafika Ksh 26,000 kwenye laini ya mume. "Hizi ni pesa za watu, nitazipeleka mwenyewe," akasema. Kutuma nje ya nchi kulimtia wasiwasi: akikosea tarakimu moja je?

Walitoka Umoja saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakafika tao kabla foleni ya Jogoo Road haijakaza, wakapanda gari la Namanga. Mlolongo, Kitengela, Isinya, Kajiado, Bissil. Mkononi walikuwa na Ksh 6,000 taslimu za nauli na chakula. Pasipoti walikuwa nazo, na kadi za chanjo ya homa ya manjano pia. Mpango wa hizo pesa nyingine ulikuwa rahisi: wakifika Arusha watatafuta wakala, watoe, walipe.

Hapo ndipo kosa lilipo, na tunaliona kila mara kwenye simu mnazotupigia.

Pesa unayoiona kwenye salio haiko ndani ya simu. Ni hesabu iliyo kwa kampuni ya Kenya, inayosimamiwa na Benki Kuu ya Kenya, na shilingi zenyewe ziko kwenye akaunti za amana katika benki za hapa. Wakala wa Arusha anafanya kazi na kampuni ya Tanzania, na floti yake ni shilingi za Tanzania. Hawezi kukutolea pesa za laini ya Kenya hata akitaka. Kinachochanganya watu ni majina. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 chini ya Safaricom, na Tanzania ikaanza 2008 chini ya Vodacom. Jina ni moja, bango linafanana, lakini pochi ni mbili. Tangu 2015 mteja wa moja anaweza kumtumia wa nyingine, lakini kutuma si sawa na kwenda kwa wakala wa upande wa pili na kutoa. Airtel Money nayo iko nchi zote mbili, na hali ni hiyo hiyo.

Namanga ina mtego wake mwingine. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi Desemba 2018, ukitoka Kenya husimami upande wa Kenya kugongewa muhuri. Unavuka kwanza, kisha maafisa wa nchi zote mbili wanakuhudumia ndani ya jengo la upande wa Tanzania. Ni jambo zuri, linaokoa muda. Lakini maana yake ni kwamba mawakala wa mwisho wa Kenya unawapita ukiwa umeketi ndani ya gari, pengine umesinzia. Wenzetu waliwapita hivyo hivyo.

Saa nne na kitu, mihuri imeshagongwa, mume akafungua menyu ili athibitishe salio. Ikagoma. Simu ilikuwa imeshajishika kwenye mtandao wa Tanzania na romingi hakuwa ameiwasha. Akazima simu, akawasha, menyu bado imegoma. Mwenzetu anasema hapo ndipo tumbo lilimshika. Hospitali walikuwa wameambiwa hela zinafika siku hiyo, na dirisha la malipo linafungwa saa kumi.

Kijana mmoja aliyekuwa hapo nje akajitolea: "Kaka, nipe simu nikubonyezee, hii shida naijua." Tafadhali, hapa tusimame kidogo. Huenda kijana ni mwema kabisa. Lakini mtu akishika simu yako menyu ikiwa wazi na wewe umechoka, anachohitaji ni kuona PIN mara moja tu. Mwenzetu akamwambia mumewe, "Mzee wangu, rudisha mfukoni." Wakaenda kando.

Walichofanya baadaye ni kitu ambacho wengi hatujui simu zetu zinaweza. Waliingia kwenye mipangilio, upande wa mitandao ya simu, wakazima ule uchaguzi wa otomatiki na kuagiza simu itafute mitandao yenyewe. Karibu na mpaka mawimbi hayajui mstari uko wapi. Mtandao wao wa Kenya ukaonekana kwenye orodha, wakauchagua, ukashika paa mbili, na menyu ikafunguka. Kilomita chache mbele, ukielekea Longido, usingekuwepo.

Sasa, kurudi Kenya kutoa pesa kungemaanisha foleni ya uhamiaji mara mbili tena. Mwenzetu akapendekeza njia ambayo angempendekezea mteja yeyote: zitumwe moja kwa moja kwa laini ya wifi ya Tanzania, palepale.

Namba ya wifi inaanza na 07. Zetu pia zinaanza na 07. Ukiingiza namba ya Tanzania kwenye sehemu ya kawaida ya kutuma pesa, mfumo utaisoma kama ya Kenya, na hela za mchango zitamfikia mtu usiyemjua, pengine yuko Kisumu anashangaa. Chagua sehemu ya kutuma nje ya nchi, chagua Tanzania, ondoa ile 0 na uanze na 255. Kabla ya PIN, soma jina. Jina lililotokea halikuwa lile wanalomwita nyumbani. Lilikuwa jina kamili la kitambulisho, lile la kabla ya ndoa. Wakampigia kuuliza, akathibitisha. Dakika moja hiyo usiione ni ya kupoteza, kwa sababu pesa ikishavuka kwenda kampuni nyingine, kuirudisha ni mlolongo na inategemea kama mpokeaji hajaitumia.

Skrini ilionyesha kiwango cha siku hiyo, 19.6. Kwa hiyo Ksh 24,500 zikawa Tsh 480,200, na ada ikaonyeshwa kando kabla ya kukubali. Linganisha na vijana wanaobadilisha pesa barabarani, waliokuwa wamewaambia 18. Kwa 18, hizo hizo 24,500 zingekuwa Tsh 441,000. Pengo ni Tsh 39,200, na deni lisingeisha. Tofauti ya moja na nukta kadhaa inaonekana ndogo hadi uizidishe.

Hata hivyo noti kidogo unahitaji. Tangu 2025 kanuni za Tanzania zinakataza kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa pesa za kigeni, kwa hiyo usitegemee dereva wa Noah ya Arusha apokee shilingi zetu. Walibadilisha Ksh 3,000 kwenye duka la kubadilisha fedha lenye kibali, wakahesabu wakiwa bado dirishani. Usishtuke ukiambiwa nauli ni buku kadhaa: buku ni elfu moja, ile sisi tunaita thao, ila ya kwao ni kama shilingi hamsini zetu. Ile noti nyekundu ya 10,000 wanaiita msimbazi.

Wifi hakutoa hata senti taslimu. Alilipa hospitali akiwa kitandani kwa Lipa Namba, ambayo ni kama tili yetu, hivyo hapakuwa na makato ya kutoa kwa wakala. Wenzetu walipofika Arusha saa nane walimkuta amevaa, mtoto amefungwa shuka, anasubiri karatasi ya kuruhusiwa.

Tulimuuliza mwenzetu angefanya nini tofauti. Angetuma Ijumaa jioni akiwa Umoja, ameketi, mtandao hausumbui, na kuna muda wa kutupigia kama kitu kimekwama. Angewasha romingi kabla ya kutoka nyumbani, hata kama ni ya dharura tu. Na hizo pesa asingeziacha zote kwenye simu moja: yake ilikuwa na salio la Ksh 40, kwa hiyo simu ya mume ingeibwa Kitengela, mchango wote ungesimama hapo hadi laini irudishwe.

Mume alichofanya kwanza baada ya kumbeba mpwa wake ni kupiga picha ile meseji ya malipo, akaziba namba ya simu, na kuituma kwenye grupu ya familia. Shangazi wa Kayole alijibu kwa sauti, dakika mbili nzima, na nyingi ya hizo alikuwa anauliza mtoto amefanana na nani.