Kubebesha Miti ya Aljebra: Monadi na Moduli katika Lugha za Kompyuta

Kosa moja limezoeleka katika madaftari ya hisabati ya sekondari. Mwanafunzi amepewa milinganyo miwili, x + 3y = 11 na y = x + 1, akatakiwa kutafuta thamani za x na y. Anajua kwamba yampasa kuiondoa y katika mlinganyo wa kwanza na kuweka x + 1 mahali pake. Anaandika x + 3x + 1 = 11, anapata x = 2.5, na hesabu yote inaharibika. Mwalimu huweka alama nyekundu na kuandika pembeni neno moja: mabano. Ilipasa kuandikwa x + 3(x + 1) = 11, ambapo x ni 2 na y ni 3.

Masahihisho hayo ni ya haki, lakini hayaelezi chanzo cha kosa. Mwanafunzi amedhani kwamba fungu la aljebra kama x + 3y ni mstari wa alama zilizopangwa moja baada ya nyingine. Kwa hakika fungu ni mti. Alama ya kujumlisha ndiyo shina, nalo lina matawi mawili. Tawi la kushoto laishia katika jani x. Tawi la kulia lina fundo la kuzidisha, na fundo hilo lina majani mawili, 3 na y. (Wanahisabati huuchora mti huu kichwa chini, shina likiwa juu na majani chini, desturi ambayo mkulima yeyote angeishangaa.) Kubadili y kuwa x + 1 maana yake ni kuling'oa jani y na kupachika mahali pake mti mdogo mzima, ambao shina lake ni alama ya kujumlisha. Mti huo huingia wote chini ya fundo la kuzidisha, wala hapana njia ya 3 kuzidisha nusu yake tu. Mabano ni namna ya kuuandika mti katika mstari mmoja. Anayeuona mti hahitaji kuyakariri.

Kazi hii yafanana na ya bwana shamba anayebebesha miche ya miembe: hukata mahali palipochaguliwa, hupachika kikonyo alichokileta, na sehemu nyingine za mche hubaki kama zilivyokuwa. Katika lugha za kompyuta zinazoitwa lugha za fankisheni, yaani zile ambazo programu huandikwa kwa mfano wa fankisheni za hisabati badala ya orodha ya amri, kubebesha huku huelezwa kwa mistari minne. Herufi f hapa ni fankisheni inayotaja, kwa kila herufi, mti utakaowekwa mahali pake:

badili(herufi a, f) = f(a)
badili(namba n, f) = namba n
badili(jumla(p, q), f) = jumla(badili(p, f), badili(q, f))
badili(zao(p, q), f) = zao(badili(p, f), badili(q, f))

Mstari wa kwanza ndio unaopachika. Mistari mitatu iliyobaki husema tu kwamba namba haiguswi, na kwamba penye fundo kazi hushuka katika matawi yote mawili.

Ubadilishaji huu hutii kanuni tatu. Kwanza, mti ulio jani moja tu, herufi a peke yake, ukibadilishwa hutoa ule mti uliotajwa kwa a. Pili, kila herufi ikibadilishwa kuwa herufi ileile, mti hubaki vilevile. Tatu, kubadilisha mara mbili mfululizo ni sawa na kubadilisha mara moja kwa orodha iliyokwisha kuunganishwa. Chukua fungu xy. Ukibadili y kuwa z + 1, kisha z kuwa 2x, utapata x(2x + 1). Ukianza kwa kubadili z katika z + 1, upate 2x + 1, kisha ukaliweka fungu hilo mahali pa y mara moja, utafika palepale. Muundo wenye ubadilishaji unaotii kanuni hizi tatu huitwa monadi.

Monadi haikuzaliwa katika kompyuta. Ilionekana mwaka 1958 katika kitabu cha Roger Godement wa Ufaransa kuhusu topolojia, na mwaka 1965 Heinrich Kleisli, na pia Samuel Eilenberg na John Moore, walieleza namna inavyojengwa. Eugenio Moggi aliiingiza katika nadharia ya lugha za kompyuta mwaka 1989, na Philip Wadler akaifanya chombo cha mwandishi wa programu. Lugha ya Haskell, ambayo taarifa yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1990, ndiyo iliyoieneza. Wengi hukutana nayo humo kama fumbo la kuogopesha. Mwanafunzi aliyewahi kubadili y kuwa x + 1 amekwisha kuitumia.

Hata hivyo, katika hesabu ile ya mwanzo kuna jambo lililopitwa kimyakimya. Kilichobadilishwa hakikuwa fungu, kilikuwa mlinganyo. Mlinganyo nao ni mti, na shina lake ni alama ya kuwa sawa. Je, milinganyo nayo ni monadi? Sivyo. Herufi x peke yake si mlinganyo, kwa hiyo kanuni ya kwanza haina hata pa kuanzia. Aidha, mlinganyo hauwezi kupachikwa mahali pa herufi: alama x + 3(y = 2) hazina maana yoyote. Lakini mafungu yaweza kupachikwa ndani ya mlinganyo, na yakipachikwa, kanuni ya pili na ya tatu hutimia bila kasoro. Muundo wa namna hii, usiojibebesha wenyewe lakini unaopokea kubebeshwa na monadi, huitwa moduli juu ya monadi hiyo.

Jina hili limeazimwa kutoka katika hisabati ya namba na vekta, na ulinganisho wake wafaa kukaziwa darasani. Namba mbili zikizidishwa hutoa namba. Vekta ikizidishwa kwa namba hutoa vekta, lakini katika kanuni hizi hakuna vekta inayozidishwa kwa vekta. Kanuni ni mbili tu: 1 mara v ni v, na (ab)v ni sawa na a(bv). Ya kwanza yalingana na kubadili kila herufi kuwa herufi ileile. Ya pili yalingana na kubadilisha mara mbili mfululizo. Mafungu hushika nafasi ya namba, na milinganyo hushika nafasi ya vekta. Kama vile namba zenyewe zinavyoweza kutazamwa kuwa vekta za upande mmoja, kila monadi ni moduli juu yake yenyewe. Kwa hiyo wazo la moduli ni pana kuliko la monadi, na si mapambo ya kuongezewa.

Faida yake huonekana mara tu programu inapokuwa na miti ya aina mbalimbali. Milinganyo ya pamoja ni orodha ya milinganyo. Nayo ni moduli. Isiyo sawa, kama x + 2 > y, ni moduli. Jedwali lenye fungu katika kila chumba ni moduli. Katika lugha ya kompyuta yenyewe, amri ya kuandika thamani ya fungu si fungu, ila hupokea mafungu ndani yake. Moduli mbili zikiunganishwa kuwa jozi, jozi hiyo ni moduli; penye hiari ya kuchagua mojawapo, hapo pia ni moduli. Mwandishi wa programu akisha kuthibitisha kanuni kwa mafungu, vyombo vingine hurithi uthibitisho huo kwa namna vilivyojengwa.

Ugumu wa kweli huanza pale herufi inapofungwa ndani ya fungu. Tazama jumla ya kx, k ikienda kutoka 1 hadi 3. Jibu lake ni x + 2x + 3x, yaani 6x. Herufi k hapa ni ya ndani; nje ya jumla haijulikani. Sasa na isemwe kwamba x ibadilishwe kuwa k nyingine, k ya nje, ambayo labda ni idadi ya kilo katika gunia. Anayebadilisha bila kutazama ataandika jumla ya kk, yaani 1 + 4 + 9, ambayo ni 14. Lakini jibu sahihi ni 6k; na kama gunia lina kilo 5, ni 30. Herufi ya nje imetekwa na jina la ndani. Mabano hayasaidii hapa, na hata mti uliochorwa vizuri, kama majani yake yameandikwa kwa majina tu, hauonyeshi hatari.

Hili si kosa la wanafunzi peke yao. John McCarthy alianza kuitengeneza lugha ya Lisp mwaka 1958 huko Marekani, nayo ndiyo mama wa lugha za fankisheni. Katika historia ya lugha hiyo aliyoieleza mwaka 1978, alikiri kwamba James Slagle alipolalamika kuwa programu yake haitoi matokeo yanayotakiwa, yeye McCarthy aliona ni hitilafu ndogo ambayo mwenzake Steve Russell angeitengeneza upesi. Kumbe tatizo lilikuwa katika lugha yenyewe: jina lililokusudiwa kuwa na thamani ya mahali fankisheni ilipoandikwa lilichukua thamani ya mahali ilipoitwa. Russell alipata ufumbuzi, lakini ilibidi abuni chombo kipya.

Njia mojawapo ya kuondoa hatari hii ni kuinyima herufi ya ndani jina. Badala ya k, iwekwe nafasi tupu, □, kama kile kisanduku cha hesabu za shule ya msingi. Ndani ya jumla basi pana □x. Ukibadili x kuwa k, utapata □k, na hakuna mgongano unaowezekana, kwa sababu □ si herufi. Penye jumla ndani ya jumla visanduku hutofautishwa kwa namba: N. G. de Bruijn wa Uholanzi alionyesha mwaka 1972 kwamba yatosha kuhesabu vifungo vya kuvuka kutoka kisandukuni hadi kwenye kifungo kinachohusika.

Miti iliyo ndani ya jumla, basi, haikujengwa kwa herufi za nje pekee. Imejengwa kwa herufi za nje na nafasi moja zaidi. Inapobadilishwa, □ haiguswi, wala miti inayoletwa kutoka nje haina □ hiyo. Kanuni mbili za moduli hutimia. Mwaka 1999 Richard Bird na Ross Paterson walieleza namna ya kuiandika tofauti hii katika aina za data zenyewe, hata mwandishi anayechanganya vya nje na vya ndani akakataliwa na kompyuta kabla programu haijaanza kufanya kazi. Mwaka 2007 André Hirschowitz na Marco Maggesi walilitaja jambo hili kwa lugha ya moduli: alama ya jumla huchukua mti wa moduli hii yenye nafasi moja zaidi na kutoa fungu, na haijalishi kama ubadilishaji umefanywa kabla ya kuiweka alama au baada. Tabia hiyo waliiita ya mstari, kwa mfano wa fankisheni za vekta ambazo f(av) = a f(v). Msomaji akirudi kwenye ile mistari minne ya mwanzo, ataona kwamba miwili ya mwisho ilikuwa ikisema hivyo hivyo kuhusu alama za kujumlisha na kuzidisha.

Maswali kwa darasa

1. Geuza mlinganyo x + 3y = 11 uwe 11 = x + 3y, kisha badili y kuwa x + 1. Anza upya kwa kubadilisha kwanza na kugeuza baadaye. Je, kugeuza pande ni kazi ya mstari?

2. Mafungu xx na xy yote yana majani mawili. Hesabu majani yao baada ya kubadili y kuwa x + 1. Aliyeambiwa idadi ya majani tu, bila kuonyeshwa mti, aweza kujua idadi itakayokuwapo baadaye?

3. Chora mti wa jumla ya k + x, k ikienda kutoka 1 hadi 4. Badili x kuwa 2k, ambapo k hii ni ya nje na thamani yake ni 3. Jibu ni 34. Atakayepata 30 na atafute jani lililotekwa.