Somo la Wiki: Seli Inavyojinakili

Jumapili iliyopita dada mmoja alinishika mkono mlangoni akaniuliza, "Hii saratani yangu ni laana?" Hebu tuangalie kwanza kazi inayoendelea ndani ya mwili.

Kabla seli haijagawanyika, lazima inakili DNA yake yote: herufi karibu bilioni 3 za baba na bilioni 3 za mama. Kimeng'enya kiitwacho helikesi kinafungua nyuzi mbili kama zipu. Halafu polimerasi inapanga herufi mpya: A na T, C na G.

Shida ni kwamba polimerasi inaandika kuelekea upande mmoja tu. Uzi mmoja inauandika bila kukatiza. Ule mwingine inauandika vipande vipande, kisha ligesi inaviunganisha. Vipande hivyo viligunduliwa Japani miaka ya 1960 na Reiji Okazaki na mkewe Tsuneko. Reiji, mzaliwa wa Hiroshima, alipatwa na mionzi ya bomu la 1945. Mwaka 1975 alifariki kwa saratani ya damu, na huyo mama akaendelea na utafiti.

Polimerasi ikikosea herufi, inarudi na kuifuta. Lakini makosa machache hupita, na mengine yakirundikana kwa miaka ndiyo huanzisha saratani, kwa muombaji na kwa asiyeomba. Si laana, nikamwambia. Alikuwa ameacha kwenda kliniki kwa aibu. Jumatatu tulienda naye.