DAWA YA MATONE YA MACHO INAPODHURU NGOZI



Ndugu Waislamu, leo tutazungumzia jambo ambalo wengi hawalitarajii: dawa ya kutia machoni kudhuru ngozi ya mwili mzima.

Kiangazi kinapoingia hapa Malangali na Ufipa yote, upepo na vumbi huyasumbua macho. Yakiwa mekundu na kuwasha, wengi hukimbilia duka la dawa au huazima kichupa cha jirani. Hudhani kwamba matone mawili si dawa ya kuogopwa kama kidonge au sindano. Dhana hiyo si sahihi.

Dawa ya macho huingia mwilini

Katika pembe ya jicho, upande wa pua, Allah (S.W.) ameweka kijitundu kinachopeleka machozi puani. Ndiyo maana mtu akilia hutokwa na kamasi, na akitia dawa machoni huonja uchungu kooni. Kutoka puani dawa huingia katika damu. Kwa mtu ambaye mwili wake unaikataa dawa hiyo, hata kiasi kidogo chaweza kuamsha mzio.

Mzio wa kawaida ni kope kuvimba na kuwasha, na aghalabu hutulia dawa ikiachwa. Mzio mkali ni nadra sana, lakini unaua. Madaktari wawili wa Marekani, Stevens na Johnson, waliueleza mwaka 1922 baada ya kuona watoto wawili wenye homa, vipele, vidonda mdomoni na macho yaliyovimba. Hadi leo unaitwa kwa majina yao. Ngozi hutoa malengelenge na kuchubuka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Ikichubuka zaidi ya asilimia 30 ya ngozi yote, takriban mgonjwa 1 kati ya 3 hufariki. Baadhi ya wanaopona hubaki na makovu machoni, hata upofu.

Tahadhari na salfa

Miongoni mwa dawa zinazojulikana kuleta maradhi haya ni za jamii ya salfa. Wengi wanaikumbuka SP, iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania Bara kuanzia 2001 hadi dawa ya mseto iliposhika nafasi yake mwishoni mwa 2006. Leo SP hupewa wajawazito kuwakinga na malaria. Septrini nayo ina salfa.

Yapo pia matone ya macho ya jamii hiyo hiyo, yaitwayo salfasetamaidi. Wagonjwa wachache wameripotiwa kupata maradhi ya Stevens na Johnson baada ya kuyatumia. Mwili uliowahi kuikataa salfa waweza kuikataa tena, iwe imemezwa, imepakwa au imetiwa machoni. Basi aliyewahi kubabuka kwa SP au Septrini asinyamaze anapopewa dawa ya macho, akidhani hayo ni mambo ya vidonge tu.

Tufanye nini?

1. Tusitie dawa bila kupimwa. Macho mekundu yaliyoenea Dar es Salaam na mikoa mingine mwanzoni mwa 2024 yaliletwa na virusi, ambavyo haviuawi na antibiotiki.

2. Tumweleze mhudumu kila dawa iliyowahi kutudhuru. Jina lake liandikwe kwenye daftari la matibabu.

3. Tusiazimane vichupa. Huleta mzio kwa asiyejijua, na huhamisha vijidudu.

4. Ukishatia tone, fumba jicho na ubonyeze taratibu pembe ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Dawa kidogo zaidi itaingia mwilini.

5. Mwenye presha ya macho asiache dawa yake kwa hofu tu. Amuulize daktari.

Dalili za hatari

Ukiona homa, mwili kuuma, vidonda mdomoni au sehemu za siri, madoa mekundu yanayouma au malengelenge, acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo. Kwa walio karibu nasi, ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Sumbawanga. Beba kichupa chako ili daktari aione dawa. Usipasue malengelenge wala kupaka majani au mafuta. Dalili hizi huweza kuanza siku kadhaa, hata wiki tatu au nne, baada ya kuanza dawa, hivyo usiseme "mbona mwanzo haikunidhuru?"

Mgonjwa aliyechubuka asilazimishwe kutia maji kwenye vidonda kwa ajili ya udhu. Dini yetu ni nyepesi, na tayammamu ipo kwa mwenye udhuru.

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta tiba, na ametufundisha pia kwamba anayetibu watu bila kuwa na elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara yatakayotokea. Anayemtilia mtoto wa jirani dawa asiyoijua na alifikirie hilo.

Allah atulinde macho yetu na miili yetu. Wabillahi tawfiiq.