Mtumbwi, Ngalawa na Kayaki: Chombo Kipi ni Bora?

Mwenye mtumbwi na mwenye ngalawa wakikutana ufukoni Lindi, hawakosi la kubishania. Wa kwanza husifu wepesi wa chombo chake. Wa pili hujivunia kwamba chake hakipinduki ovyo. Ubishi huo waweza kuamuliwa kwa fizikia ya shuleni, hata katika madarasa yaliyo mbali na bahari, kama yale ya Marambo na sehemu nyingine za Nachingwea na Ruangwa.

Kuelea

Kwa kanuni ya Archimedes, chombo huelea kinapoondosha maji yenye uzito ulio sawa na uzito wake pamoja na vyote vilivyomo. Lita moja ya maji ya mto ina kilo 1 hivi. Ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi. Basi mtumbwi wa kilo 360, pamoja na watu wake, huondosha lita 360 katika mto Lukuledi, lakini lita 351 tu ufikapo katika ghuba ya Lindi, ambako mto huo huishia. Nafuu hiyo ni ndogo mno. Haimwokoi aliyezidisha shehena.

Uthabiti

Chombo kinapoinama, upande ulioinama huzama zaidi. Nguvu ya maji huhamia upande huo na kujaribu kukirudisha chombo wima. Mstari wa nguvu hiyo hukata mstari wa katikati ya chombo mahali paitwapo metasenta. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya metasenta, chombo hurudi. Kikiwa juu yake, chombo hupinduka.

Chukua mfano wa vyombo viwili vyenye umbo la sanduku, kila kimoja kikiwa na urefu wa mita 4 na jumla ya kilo 360, katika maji ya mto. Chenye upana wa sm 60 huzama sm 15, na metasenta yake iko sm 28 hivi kutoka chini. Chenye upana wa sm 90 huzama sm 10, na metasenta yake iko sm 73 hivi. Upana umeongezeka kwa nusu tu, lakini metasenta imepanda zaidi ya mara mbili.

Sasa, katika kile chembamba, watu wameketi chini na kitovu cha uzito kiko sm 22. Mtu wa kilo 60 akisimama na kuinua kitovu chake mwenyewe kwa sm 48, kitovu cha chombo chote hupanda sm 8, kufikia sm 30. Kimepita metasenta. Ndiyo sababu wazee wa pwani humkemea anayesimama mtumbwini.

Ngalawa ina matengo mawili, moja kila upande. Tengo linapozamishwa, nguvu ya maji hufanya kazi mbali na katikati, kama mtu anayesukuma ncha ya wenzo mrefu. Kwa hiyo chombo chembamba huweza kubeba tanga. Lakini matengo huburuta maji, na huzuia kupita penye mikoko iliyosongamana.

Wainuiti wa Greenland walitumia njia nyingine. Kayaki yao ya ngozi ni nyembamba sana, lakini mpiga kafi huketi chini kabisa, miguu ameinyoosha. Ikipinduka, fundi huirudisha kwa pigo la kafi.

Mwendo

Chombo kiendacho hufanya mawimbi. Kwa vyombo vingi, mwendo ambao ukipitwa nguvu nyingi hupotea katika mawimbi hayo hukadiriwa hivi: kipeuo cha pili cha urefu kwa mita, mara 1.25, jibu likiwa mita kwa sekunde. Chombo cha mita 4 hupata km 9 kwa saa. Cha mita 9 hupata km 13.5. Lakini chombo kirefu hugeuka kwa shida, kwa kuwa omo na tezi lazima zisukume maji mengi kwenda kando.

Basi hakuna chombo kilicho bora kwa kila kazi. Kila mwenye chombo husifu faida aliyoinunua kwa hasara fulani.

Jaribio

Chonga vipande viwili vya mti mwepesi, vyenye urefu na uzito sawa lakini upana tofauti. Vieleze katika beseni. Simamisha kijiti katikati ya kila kimoja, kisha pandisha kipande cha udongo kijitini kidogo kidogo. Pima kimo ambapo kila kimoja hupinduka.

Maswali

1. Kwa nini mzigo mzito huwekwa chini chomboni?
2. Kadiria mwendo wa chombo cha mita 6.25.