Mbwa Mkubwa Aliyeokolewa Apewe Nani?

*Mbwa mkubwa aina ya German Shepherd, aliyeokolewa barabarani hapa Nairobi, anatafutiwa makao, lakini kila anayejitokeza anataka mlinzi wa kufungwa mnyororo. Apewe nani? – Msomaji, Nairobi*

Jibu: Wasiwasi kuhusu mnyororo una msingi, kwa kuwa mbwa aliyekwisha kuteswa au kutelekezwa, akifungwa mchana kutwa, huzidi kuingiwa na hofu, na hofu ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya kung'ata. Kinachopimwa kwanza si ukubwa wa kiwanja, bali ni muda alio nao mwenye nyumba, uzio usiorukika, uwezo wa kumlisha na kumtibu mnyama wa kilo 30 au zaidi, na umri wa watoto waliomo.

Kabla ya kukabidhiwa, mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa na ahasiwe, yaani aondolewe uwezo wa kuzaa, kisha familia nzima imtembelee zaidi ya mara moja, huku ikiangaliwa kama analegeza mwili au anakakamaa na kufyata mkia. Akinguruma kila mara, daktari wa mifugo aitwe. Aking'ata, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, na majeruhi apelekwe hospitali mara moja.

Asiyeweza kumpa mbwa huyu muda, hata akiwa na kiwanja kikubwa, asikabidhiwe.